Kimya cha Mitambo Nacho Kina Bili

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Aghalabu sisi huitumia methali hii kumwonya mtu asimdharau mwenzake mpole. Leo ningependa msomaji aitazame kwa upande mwingine kabisa, upande wa mitambo iliyojaa katika ofisi zetu, ambayo hata inapokuwa haina la kusema huendelea kula umeme kana kwamba iko katikati ya hotuba ndefu.

Tuchukue mfano wa Wamagana, mji mdogo wa Tetu ulio magharibi mwa Nyeri, chini ya safu za Nyandarua. Katika mji kama huo mna ofisi za serikali, shule, zahanati, vyama vya ushirika na maduka ya huduma za kompyuta. Karibu kila mahali panapotumika kompyuta zaidi ya mbili au tatu, kuna kisanduku kimoja kilichotundikwa ukutani au kufichwa kabatini, chenye safu ya matundu na vitaa vya kijani visivyokoma kumetameta. Mafundi hukiita swichi ya mtandao. Kazi yake ni kupokea ujumbe kutoka kompyuta moja na kuupeleka kwa nyingine, kwa printa au kwa mkongo unaoelekea nje. Kila tundu huitwa poti. Katika poti moja huchomekwa waya mmoja, na kila waya una mzungumzaji wake upande wa pili.

Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, siku tano kwa juma. Hizo ni saa 45 kati ya saa 168 zilizomo katika juma zima. Saa 123 zilizosalia mlinzi yuko langoni, makarani wako makwao, na kile kisanduku kiko macho. Hata mchana wenyewe karani huandika barua kwa nusu saa bila kutuma hata neno moja kupitia waya wake. Basi swali la makala haya ni hili: mtambo usio na la kusema unatumia umeme kwa kazi gani?

Sisi tunaosomea lugha tumekwisha kufundishwa kwamba kimya ni sehemu ya mazungumzo. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na mwanaisimu Tanya Stivers lilichapisha uchunguzi wa lugha kumi za pembe mbalimbali za dunia, likipima muda unaopita baina ya mtu kuuliza swali na mwenzake kuanza kujibu. Kwa wastani muda huo ulikuwa takriban milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Binadamu hunyamaza, hupumzisha koo, na bado hupokea zamu yake kwa wakati. Hakuna anayelazimika kupiga kelele mfululizo ili mwenzake ajue kwamba yupo.

Waya za kompyuta nazo hapo mwanzo zilikijua kimya. Mfumo unaoziunganisha huitwa Ithaneti, na ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe pamoja na David Boggs katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California. Ulipofika mwaka 1990 na kuanza kupita katika nyaya nyembamba zinazofanana na za simu, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, poti isiyokuwa na ujumbe ilinyamaza. Kila baada ya takriban milisekunde 16 ilitoa mpigo mmoja mfupi wa kusema "nipo", kisha ikarudi kunyamaza.

Mambo yalibadilika kasi ilipoongezeka. Katika Ithaneti ya megabiti 100, iliyosanifishwa mwaka 1995, na ile ya megabiti 1,000 iliyofuata mwaka 1999, ncha mbili za waya hutumiana ishara bila kukoma, uwe upo ujumbe au haupo. Sababu yake ni ya kiufundi na ina mantiki. Kwa kasi hiyo, kila upande ni lazima ufuate saa ya mwenzake kwa usahihi mkubwa, na katika waya wa megabiti 1,000 kila upande husema na kusikiliza katika nyuzi zilezile kwa wakati mmoja, kwa hiyo hulazimika kuchuja mwangwi wa sauti yake yenyewe. Ili saa isipotee na mchujo usiharibike, wahandisi waliona ni afadhali wasemaji wasinyamaze kamwe.

Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza kwamba maneno mengi ya binadamu hayabebi habari yoyote, bali hulinda uhusiano tu. Tunapokutana njiani na kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua, mara nyingi hatutafuti taarifa. Tunahakikisha tu kwamba njia baina yetu ingali wazi. Ishara zinazopita katika waya mtupu usiku kucha ni maamkizi ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba binadamu huamkiana mara moja akaendelea na safari yake, ilhali poti mbili za mtindo wa zamani huamkiana mamilioni ya mara kwa sekunde, tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Anayelipia maamkizi hayo ni mwenye mita.

Msomaji anayesafiri kwa matatu ataelewa mara moja. Gari linaposubiri abiria steji huku injini ikinguruma, mafuta huteketea bila gurudumu kuzunguka. Dereva akiulizwa atajibu kwamba anataka kuwa tayari kuondoka. Utayari huo una gharama yake. Iwapo kuna njia ya kuwa tayari bila kuuguruma mtambo, basi kuuguruma ni israfu.

Njia hiyo imekwisha kupatikana. Mwaka 2003 watafiti Maruti Gupta na Suresh Singh waliwasilisha makala iliyowataka wenzao wautazame umeme unaotumiwa na mitambo ya intaneti, na wauliize kama mitambo hiyo haiwezi kulazwa inapokuwa haina kazi. Kenneth Christensen wa Chuo Kikuu cha South Florida na Bruce Nordman wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley nao waliishughulikia hoja hiyo kwa miaka kadhaa. Hatimaye, mwezi Septemba 2010, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, IEEE, iliidhinisha kanuni inayojulikana kwa nambari 802.3az. Kwa ufupi, kanuni hiyo iliirudishia Ithaneti haki ya kunyamaza.

Utaratibu wake ni kama ufuatao. Poti inapokuwa haina ujumbe humwarifu mwenzake kwamba inakwenda kupumzika, kisha huzima kitumaji chake. Katika waya wa megabiti 1,000 hukaa kimya kwa milisekunde 20 hivi, ikaamka kwa muda mfupi sana kutoa ishara ya kuburudisha saa na kichujio cha mwangwi, halafu hulala tena. Ujumbe ukitokea, huamka katika maikrosekunde 16 na nusu. Nimesema hapo juu kwamba binadamu huhitaji takriban milisekunde 200 kupokea zamu ya kusema. Muda huo ni zaidi ya mara elfu kumi na mbili ya ule ambao poti huuhitaji kufumbua jicho. Karani wa Wamagana anayebofya kitufe cha kuchapa hawezi kamwe kutambua kwamba waya wake ulikuwa usingizini.

Lakini kuna sharti moja, nalo ndilo kiini cha jambo hili. Usingizi huu ni wa mapatano. Waya unapochomekwa, ncha mbili huulizana kama kila mmoja anaijua kanuni hii. Mmoja akisema haijui, au akiwa ameamriwa aikatae, hakuna atakayelala. Katika waya wa megabiti 1,000, hata wakishakubaliana, hakuna anayelala mpaka wote wawili wawe wamenyamaza. Ofisi ikinunua swichi mpya ya kisasa na kuiunganisha na kompyuta kuukuu za kabla ya 2010, imenunua uwezo ambao hautatumika. Kadhalika, ikiwa na kompyuta mpya zilizofungwa kwenye swichi kuukuu, hali ni ileile. Mazungumzo hayana mtu mmoja, na kimya pia hakina mtu mmoja.

Haki inataka niyataje mapungufu. Kila kuamka na kulala kuna gharama yake. Ujumbe mdogo ukija mmoja mmoja, ukiachana kidogo tu, poti hutumia muda mwingi katika kulala na kuamka kuliko katika usingizi wenyewe, na faida hupungua sana. Mitambo inayohitaji saa sahihi mno, kama baadhi ya vifaa vya kurekodi sauti na vya kupimia, inaweza kusumbuliwa na hata hizo maikrosekunde chache. Tena viko vifaa vilivyotengenezwa ovyo ambavyo hupoteza mawasiliano vinapolazwa. Kwa sababu hizo mafundi wengi, wakiona hitilafu yoyote, huzima kanuni hii katika poti zote za jengo na kuondoka. Huko ni kuing'oa miti yote ya shamba kwa ajili ya tawi moja lililooza. Lililo sawa ni kuizima katika poti ile iliyothibitishwa kuwa na tatizo, na kuiacha katika zile nyingine.

Atatokea msomaji wa kuuliza: je, ni umeme kiasi gani huo unaopigiwa kelele? Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme swichi ina poti 24, na kila poti ikilala huokoa nusu wati. Zote zikilala, ni wati 12. Kwa saa 123 za mapumziko kila juma, kwa majuma 52, tunapata takriban yuniti 77 kwa mwaka. Nakiri kwamba kiasi hicho hakitamtajirisha mtu. Ofisi moja haitaiona tofauti hiyo katika bili yake kwa urahisi. Ingekuwa hoja yangu ni bili ya ofisi moja tu, ningeishia hapa.

Hoja yangu ina sehemu mbili zaidi. Ya kwanza ni wingi. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vyetu vinaongezeka kila mwaka. Tangu nyaya za baharini zilipotua Mombasa mwaka 2009, mkongo umepanda bara hadi katika miji midogo. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2022 iliahidi kutandaza kilomita 100,000 za mkongo huo. Kila shule, kila zahanati na kila ofisi ya wadi itakayounganishwa itahitaji swichi yake, na kila swichi itakaa ukutani miaka mingi. Tunachokinunua leo ndicho kitakachokula umeme wetu mwakani na miaka ya baadaye.

Na umeme wenyewe hatunao wa kumwaga. Ukame wa 1999 na 2000 ulituletea mgao mkali kwa kuwa mabwawa ya Mto Tana yalipungukiwa sana na maji. Tangu wakati huo tumeongeza mvuke wa ardhini wa Olkaria na kupata upepo wa Turkana, na tangu 2022 twanunua umeme kutoka Ethiopia. Hata hivyo, tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, na mwaka 2024 Rais William Ruto alisema waziwazi kwamba baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa umeme kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Mtu wa Tetu hana budi kulitafakari jambo hili kuliko wengine. Maji ya Chania na Gura yanayoteremka kando ya mashamba yake ya chai na kahawa huingia katika Sagana, ambao huko chini huitwa Tana, na hatimaye hufika Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambako huzungusha mitambo ya umeme. Maji hupita kwake kwanza, na umeme humfikia mwisho.

Sehemu ya pili ni betri, na kwangu hii ndiyo nzito zaidi. Katika miteremko ya Nyandarua mti ukiangukia waya wakati wa mvua, kijiji kizima kinaweza kukaa bila umeme. Zahanati iliyo na kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta, au chama cha ushirika kinachopokea mazao ya wakulima, hutegemea wakati huo betri ndogo ya akiba ambayo mafundi huiita UPS, au betri ya sola. Tuchukue betri ya volti 12 na ampea 9 kwa saa. Kwenye karatasi ina wati 108 za saa moja. Kwa vitendo tuseme nusu yake ndiyo itakayotumika, yaani 54. Swichi inayokula wati 30, poti zake zote zikiwa macho, itazimika baada ya saa moja na dakika 48. Swichi hiyohiyo ikila wati 18, kwa kuwa poti zilizonyamaza zimelala na zile zisizo na mtu zimezimwa kabisa, itafika saa tatu. Zile wati 12 ambazo katika bili zilionekana kuwa si kitu, hapa zimekuwa saa moja na dakika 12 za huduma. Kwa mama aliyeleta mtoto zahanati wakati wa giza, muda huo si jambo la kupuuzwa.

Liko pia jambo kubwa kuliko usingizi wa poti. Swichi nyingi za siku hizi hupeleka umeme pamoja na ujumbe katika waya uleule, ili kulisha simu za mezani, antena za intaneti isiyo na waya na kamera za ulinzi. Kwa kanuni ya kwanza ya mwaka 2003, poti moja iliruhusiwa kutoa hadi wati 15.4, na kanuni zilizofuata zikaruhusu zaidi. Linganisha na nusu wati tuliyoihesabu. Kamera na ziachwe macho, kwani hiyo ndiyo kazi yake. Lakini antena inayotangaza intaneti katika jengo tupu saa nane za usiku inamtangazia nani? Swichi zenye uwezo wa kuratibiwa huweza kupewa saa ya kuizima antena hiyo na saa ya kuiwasha, kama vile mwalimu wa zamu anavyozima taa za bweni.

Sasa nije katika taaluma yangu. Kwa nini uwezo huu unaouzwa madukani kwa zaidi ya miaka kumi haufahamiki kwa mwalimu mkuu au mwenyekiti wa ushirika? Naamini sababu moja ni kwamba hauna jina kinywani mwake. Katika mipangilio ya swichi umeandikwa kwa herufi za mkato za Kiingereza, na katika vitabu vya maelekezo umefichwa ukurasa ambao fundi mwenyewe haufungui. Mtu hawezi kudai asichoweza kukitaja. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini urasmi huo hautoshi ukikomea katika hotuba za sikukuu. Napendekeza tuseme "usingizi wa poti" kwa ile hali ya kunyamaza kwa mapatano, na "kuzima poti tupu" kwa lile tundu lisilo na mwenyewe. Wenye maneno bora na wayalete. Muhimu ni mnunuzi aweze kumwambia muuzaji kwa kinywa chake: nataka swichi yenye usingizi wa poti.

Nyeri haikosi mwalimu katika jambo hili. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, aliyekuwa mbunge wa Tetu tangu 2002 hadi 2007 na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, alizuru Japani mwaka 2005 na kukutana huko na neno "mottainai". Wajapani hulitumia kuonyesha uchungu wa kuona kitu chenye thamani kikipotea bure. Alilipenda, akalibeba na kulieneza duniani kama wito wa kutumia vitu kwa heshima na kutovitupa ovyo. Alifahamu kwamba neno likipata wasemaji, tendo huwa karibu. Nasi tunalo neno israfu, ila tumelizoea katika karamu na harusi tu. Halijaingia katika vyumba vya kompyuta.

Ninalolidai ni dogo na halihitaji fedha za mkopo. Kila zabuni ya umma ya kununua swichi na kompyuta itaje kanuni ya 802.3az kuwa sharti, na itaje pande zote mbili za waya, kwa kuwa upande mmoja peke yake haulali. Vyuo vinavyofunza mafundi wetu viwafundishe kupima kabla ya kuzima. Na kila mkuu wa ofisi, shule au zahanati amuulize fundi wake maswali matatu: je, poti zetu hulala zinapokuwa hazina kazi? Je, zile tupu zimezimwa? Je, ni vifaa gani tunavyovilisha usiku kucha bila sababu? Fundi hodari atayajibu kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Asiyeweza kuyajibu, na apewe siku mbili akasome.